Sharti la Uzoefu

Kijana aliyehitimu Kijitonyama, katika ndaki ya teknolojia ya habari na mawasiliano ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwa na shahada mkononi na kompyuta ya mtumba ambayo betri yake haimalizi saa moja, huanza kutafuta kazi akiamini kwamba elimu aliyoisumbukia miaka yote ile itamtambulisha kwa watu. Kumbe tangazo la kwanza analolisoma linamtaka awe na uzoefu wa miaka 3, la pili miaka 5, na la tatu, ambalo laeleza wazi kuwa ni la wanaoanza, miaka 2. Hupeleka maombi bando lingalipo, akangoja. Na jawabu likija, huwa ni barua iliyotungwa na mtambo, yenye pengo moja tu lililoachwa ili jina lake lijazwe. Mara nyingi haliji kabisa.

Wengi huihesabu dhiki hii kuwa ni ya riziki peke yake, na riziki si jambo dogo kwa mtu ambaye wazazi wake waliuza shamba ili asome. Mimi naiona kuwa ni dhiki ya fikra vilevile, maana mtu anadaiwa kitu ambacho hakipatikani ila mahali alipokatazwa kuingia. Aristotle, katika Metafizikia, alikabili kitendawili cha wabishi waliouliza mtu awezaje kujifunza kinubi, ikiwa kukipiga kwahitaji ujuzi ambao bado hana; akajibu kwamba kila anayejifunza, sehemu fulani ya ujuzi imekwisha kuwamo ndani yake. Jawabu hilo ni sahihi, lakini lataka nyongeza: lazima pawe na mtu aliye radhi kumwachia mwanagenzi kinubi, na kustahimili sauti mbaya za siku za mwanzo.

Natuutazame kwa karibu huo uzoefu unaodaiwa. Mteja wa duka la mtandaoni analipa kwa simu. Fedha zinatoka katika akaunti yake, lakini mtandao unakatika kabla ya habari kuifikia seva ya duka, naye, akidhani malipo hayakupita, anabonyeza tena na kukatwa mara mbili. Mhitimu ajua kuandika programu ya kupokea malipo, tena huiandika kwa usafi. Aliyekomaa katika kazi huanza kwa kujiuliza itakuwaje habari ile ile ikija mara mbili, au isipokuja asilani, na kwa hiyo hulipatia kila ombi namba yake pekee, ili likirudi litambulikane. Hakuipata hekima hiyo darasani. Aliipata usiku ambao simu za wateja wenye hasira zilikuwa zikilia, na mkubwa wake wa kazi ameketi ubavuni pake, wakisoma kumbukumbu za mfumo mstari kwa mstari mpaka alfajiri. Basi uzoefu wake, ambao leo huuandika katika wasifu kana kwamba ni mali aliyoichuma peke yake, nusu ni ya yule aliyemruhusu kuwapo karibu na hasara. Kwa itikadi yangu, uzoefu ni amana ipitayo baina ya watu wawili, na mmoja wao hana budi kuamini kabla hajaona dalili.

Fundi wa majahazi wa Matondoni, kisiwani Lamu, hamwulizi kijana ameunda vyombo vingapi. Humpa pamba na mafuta akalafati nyufa baina ya mbao, kisha hupita nyuma yake akizigusa kwa kidole, muda mrefu kabla ya kumkabidhi tezo. Katika programu nako zilikuwapo kazi za mwanagenzi: kurekebisha fomu, kuandika majaribio, kusaka hitilafu ndogo. Baadhi yake sasa hupewa akili mnemba, na ufa wa kujifunzia unazidi kuwa mwembamba.

Madhara makubwa ya sharti hili yamo moyoni mwa kijana mwenyewe. Kimya hukifasiri kuwa hukumu; hushuka thamani machoni pake, huacha kuifungua kompyuta, huwakwepa jamaa wanaomwuliza kama amepata. Nathubutu kusema kwamba hesabu yake ina kasoro, kwani asiyesoma hata mstari mmoja wa kazi yake hakumpima, na asiyepimwa hawezi kuitwa pungufu. Lakini simwambii avumilie tu. Subira ni fadhila, na ni dhuluma kumhimiza nayo mnyonge ili mwenye nguvu asiulizwe.

Wa kuulizwa ni waajiri. Hoja yao naijua: kijana akishafundishwa huondoka kwenda kwa anayelipa zaidi, na gharama ya kumlea hupotea. Ni kweli, wengine huondoka. Lakini huyo mwenye miaka 3 wamtakaye alitoka wapi, ila katika kampuni nyingine iliyomlipa mshahara alipokuwa hajui, ikawarudishia fedha wateja waliokatwa mara mbili kwa kosa lake? Kampuni ya Andela, iliyoanza Lagos mwaka 2014 na baadaye kufika Nairobi na Kampala, iliubeba mzigo huo kwa miaka kadhaa, ikiwalipa vijana huku ikiwafunza. Septemba 2019 ikatangaza kuwapunguza mamia ya waandishi wa programu wachanga, kwa kuwa wateja wake walizidi kutaka waliobobea. Kila mwajiri akitaka waliobobea, na asiwepo wa kuwapokea wanaoanza, sharti la miaka 3 litaendelea kuandikwa katika matangazo mpaka wakose mtu wa kulitimiza.