Mauaji Masikioni Mwetu

Wengi wetu hapa Brussels tumepata ulevi mpya: vitabu vya kusikiliza. Tunapanda metro alfajiri, simu mfukoni, na mtu anatusomea taratibu jinsi bibi mmoja tajiri alivyotiliwa sumu. Tunatabasamu. Kituo chetu kinapita nasi bado tumekaa, maana muuaji hajajulikana.

Je, ni halali kustarehe na maiti? Wazee wetu wangetucheka kwa swali hilo. Wao ndio waliotuita "Paukwa!" tukaitikia "Pakawa!", na zimwi likala watu kabla hatujalala. Tena Unguja ilikuwa na Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, ambaye kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka mwaka 1960. Wala hatujasikia kwamba Bwana Msa aliharibu tabia ya mtu.

Kitabu chenyewe ni The Mysterious Affair at Styles cha Agatha Christie, cha mwaka 1920, ndicho kilichomleta Hercule Poirot. Tulikuwa tumesahau kwamba Poirot ni mkimbizi. Vita vimemtoa Ubelgiji, naye anaishi kijijini Uingereza kwa hisani ya bibi yule yule anayeuawa. Kwa hiyo upelelezi wake ni kulipa fadhila. Sisi tuliopanga foleni za karatasi tulilielewa hilo upesi kuliko habari za sumu.

Lakini Poirot pia ni polisi mstaafu wa Ubelgiji, na hapo ndipo kitumbua chetu kilipoingia mchanga. Tunashukia Porte de Namur. Ukipanda juu kuelekea Matonge unakuta uwanja uliopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Mpolo na Okito. Mmoja wa walioukata mwili wake na kuuyeyusha kwa tindikali alikuwa afisa wa polisi Mbelgiji, Gerard Soete, akabaki na jino. Tume ya bunge la Ubelgiji ilitoa ripoti mwaka 2001. Jino lilikabidhiwa familia mwezi Juni 2022, baada ya miaka 61. Kwa Christie, watu hukusanywa sebuleni, kidole kikanyooshwa, mambo yakaisha.

Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Lubumbashi, aliacha kusikiliza katikati. Alisema vitabu hivi vinatubembeleza kwa uongo. Hatukukubaliana naye moja kwa moja. Riwaya ya namna hii haikubali maiti ipite bila kuulizwa. Kila kikombe kinachunguzwa, na hata mtumishi wa ndani anasikilizwa. Laiti Katanga ingalichunguzwa hivyo.

Ila tukiri jambo moja. Katika saa zote zile hatukumlilia yule bibi hata mara moja. Alikuwa kitendawili tu. Familia ya Lumumba haikutaka jina la muuaji peke yake. Ilitaka kitu cha kuzika.

Juzi mwenzetu akatuuliza kitabu kiliishaje. Tukaanza kumtajia muuaji, akatukatiza: "Siulizi hilo. Bibi alizikwa lini?" Tukatazamana. Jioni ile tukarudisha nyuma kutafuta. Mazishi yapo, yametajwa kwa haraka sana. Nadhani tulikuwa tukishuka ngazi.