Je, Kunyamaza kwa Wakala wa Safari ni Khiyana?

Ndugu yetu mmoja aliyeko Roret, katika nchi ya michai ya Kericho na Bomet, ametuletea suala ambalo tumeona si vyema kulijibu kwa barua ya faragha, kwani latugusa sisi watu wa pwani kama limgusavyo yeye.

Asema kuwa yeye ni wakala wa safari za Makka na Madina tu, wala hapeleki watu kwingineko. Huandikisha Waislamu wachache wa Roret, Litein na Kapkatet, akaleta majina yao kwa wenye kampuni huku mjini, naye hupata ujira kwa kila msafiri. Sasa ameonyeshwa njia iliyo rahisi: watu wachukuliwe viza ya ziara badala ya viza ya Hija, wafike Makka mapema, wangoje humo hadi siku ya Arafa. Bei ni ndogo, na ujira wake ni mkubwa. Hakuambiwa aseme uwongo, ameambiwa asieleze. Basi auliza: mtu asiyesema uwongo, bali amenyamaza tu, ana kosa gani?

Kwanza twasema kuwa kazi yenyewe ni halali. Imamu Bukhari amewataja Ibn Sirin na Ataa kuwa hawakuona ubaya katika ujira wa simsari. Mwenye kumwongoza mgeni katika safari asiyoijua anamfaa, na kufaa watu kwa malipo yanayojulikana si aibu.

Lakini na tuulize: wakala huyu auza nini? Kiti cha ndege si chake, nyumba ya Makka si yake, na viza si yeye aitoaye. Alicho nacho yeye ni kuijua safari hiyo. Mchuma majani wa Roret, aliyeweka akiba ya bonasi mwaka baada ya mwaka, hampi fedha kwa kuwa ana ndege. Ampa kwa kuwa ajua, na yeye hajui. Ikiwa ujuzi ndio bidhaa, basi kuficha sehemu ya ujuzi huo ni kuficha sehemu ya bidhaa.

Tazameni mambo ya chai, ambayo ndugu yetu ayajua kwa upande mmoja nasi kwa upande wa pili. Majani ya huko bara hushuka mpaka Mombasa, ambako mnada wa chai ulihamishiwa kutoka Nairobi mwaka 1969. Kabla ya siku ya mnada, wanunuzi huletewa sampuli. Waonjaji huitia maji ya moto, wakatazama rangi, wakanusa, wakaionja kwa kijiko na kutema. Hapana atoaye bei kwa kitu asichokijua. Hivyo ndivyo tujilindavyo sisi tununuapo chai ya mtu wa Roret. Naye anunuapo safari kwetu, aonje nini? Makka haiwezi kutiwa katika kikombe ikapelekwa Roret. Kijiko chake ni ulimi wa wakala tu.

Hapa ndipo jawabu lilipo. Mahali ambapo mnunuzi aweza kujionea mwenyewe, huenda mwenye kunyamaza akapata udhuru. Lakini mahali ambapo ajuaye ni muuzaji peke yake, kunyamaza kwake ni kusema, nako kwasema: hapana aibu. Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika fungu la nafaka, akakuta ubichi ndani. Mwenye mali akasema ni mvua. Hakuambiwa kuwa amesema uwongo. Aliulizwa kwa nini hakuuweka ule ubichi juu, watu wakauona.

Na ubichi wa safari hii ni upi? Katika Hija ya mwaka 2024, joto katika Msikiti wa Makka lilifika daraja 51.8. Serikali ya Saudia ilitangaza kuwa waliokufa walikuwa 1,301, na kwamba asilimia 83 katika hao hawakuwa na kibali. Asiye na kibali hana hema la Mina wala basi la kumchukua. Hutembea mwendo mrefu juani, hana kivuli wala pa kupumzika. Misri ilizifutia leseni kampuni 16 za safari kwa ajili hiyo. Na mwezi wa Aprili mwaka huo huo wanavyuoni wakuu wa Saudia walikuwa wamekwisha kutoa tamko kuwa haifai kwenda Hija bila kibali. Mwaka 2025 faini yake ilifika riyali 20,000.

Atasema mtu: wako waliokwenda kwa njia hiyo wakarudi salama. Ni kweli. Lakini wengi kuvuka mto salama hakumpi mwenye mtumbwi ruhusa ya kuficha tundu. Atasema mwingine: msafiri ni mtu mzima, ameridhia. Twajibu: ridhaa ya asiyejua si ridhaa. Sharia yampa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu akigundua aibu yake. Je, aliyezikwa Makka atairudisha safari kwa nani?

Wala hatusemi kuwa wakala ni mdhamini wa uhai wa watu. Maradhi na ajali ni katika kadari ya Mwenyezi Mungu. Ataulizwa aliyoyajua, na yale ambayo kazi yake ilimlazimu kuyajua. Asiyoyajua na aseme siyajui. Neno hilo halimpunguzii mtu heshima.

Tena liko neno kwetu sisi wenye vilemba. Kuna masheikh wanaopewa safari bure ili wakusanye watu, majina yao yakawekwa mbele kwenye matangazo. Mnyonge hamjui mwenye kampuni, amjua sheikh. Basi sheikh naye ni wakala, na kunyamaza kwake ni kuzito zaidi, kwani watu hudhani kuwa hata kimya chake ni fatwa.

Ewe ndugu yetu wa Roret, usiiuze njia hiyo, hata kwa kueleza. Waambie jirani zako kuwa Hija imefaridhiwa juu ya awezaye, na asiyepata kibali mwaka huu ana udhuru mbele ya Mola wake. Akiba yake na ikae hadi apate njia iliyo sawa. Huenda ukapoteza ujira wa vichwa kumi. Lakini watakuja kwako mwakani wakijua kuwa ulimi wako ni kijiko kisichodanganya, nawe utaweza kupita mbele ya nyumba zao bila ya kuinamisha uso.

Wabillahi taufiq.