Zunguka Milima Yako kwa Miguu

Kijana wa Kasulu, binti wa Kibondo, nakuomba siku moja tu. Toka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, panda mlima, shuka bondeni, panda wa pili, na jioni urudi kwa njia ambayo hukuipita asubuhi. Mzunguko mzima, kwa miguu yako, katika nchi yako.

Najua utaniambia kutembea tumetembea sana. Ni kweli. Babu zetu waliondoka Buha, nchi yetu sisi Waha, kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge huko Tanga, na wapo ambao hawakurudi. Mama zetu wamepanda vilima hivi na mizigo ya kuni na ndoo za maji hadi shingo zikakakamaa. Mwaka 1993, na tena 2015, ndugu zetu wa Burundi walivuka kuja huku kwa maelfu, watoto mgongoni, wakitafuta pa kulala salama. Miguu ya huku imezoea kutembea kwa shida. Ndiyo sababu nasema zamu imefika ya kutembea kwa hiari yako, bila mzigo kichwani wala wa kukufukuza, ili uione nchi iliyokulea.

Anza na Heru Juu kama uko Kasulu. Hapo ndipo yalipokuwa makao ya Mwami, yaani chifu, wa Heru, na ndipo Mwami Theresa Ntare, mwanamke, alipotawala tangu miaka ya 1940 hadi uchifu ulipofutwa baada ya uhuru. Wangapi kati yetu tumefika pale? Tumesoma habari za wafalme wa Ulaya tukazikariri kwa mtihani, na kiti cha Heru kiko jirani yetu. Nenda ukasimame pale. Mtafute mzee, msalimie vizuri, piga makofi ya salamu kama tulivyofundishwa, usiwe na haraka. Salamu ya Muha ni ndefu, na ndani yake utaambiwa mengi kabla hujauliza swali la kwanza.

Kisha shuka bondeni, na usipite mbio. Huko ndiko maisha yalipo. Utakuta vidimbwi kando ya kijito, muhogo umelowekwa humo siku kadhaa, na harufu yake utaipata kabla hujaviona. Mama ameinama, anautoa mmojammoja, anaubonyeza kwa kidole gumba kuona kama umelainika. Uliolainika anaumenya palepale na kuuanika juu ya mwamba, mweupe kabisa juani. Uliobaki mgumu anaurudisha majini. Ugali uliokula jana umepita katika mikono ya namna hiyo. Simama, salimia, msaidie kubeba ungo kama ataridhia.

Hicho kijito nacho kitazame vizuri. Wapanda milima wa nchi nyingine hujivunia maziwa yaliyoko vileleni. Kwetu maziwa yako chini, ila mabonde ya huku juu ndiyo yanayoyalisha. Angalia Malagarasi: unaanzia kwenye vilima vya mpaka wa Burundi, na ungedhani utateremka moja kwa moja hadi Ziwa Tanganyika. Wapi! Unalipa ziwa mgongo, unaelekea kaskazini mashariki, unageuka kusini ukipita kati ya Kasulu na Kibondo, unaingia kwenye mabwawa makubwa yaliko maziwa ya Nyamagoma na Sagara, unapita Uvinza penye chumvi, ndipo unapoingia Tanganyika. Karibu kilomita 475 za kuzunguka. Ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi ndiyo ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Dunia inaijua. Wewe unayekunywa maji ya chemchemi za huku juu, je?

Watu huvuka bahari kuja mkoani kwetu kupanda milima ya Gombe. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika pale mwaka 1960 alikuwa na umri wa miaka 26 na hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alichofanya ni kupanda na kushuka mabonde siku baada ya siku, macho wazi, daftari mkononi. Daftari unalo. Macho unayo. Na lugha ya wenye mabonde unaizungumza tangu utotoni, jambo ambalo yeye hakuwa nalo.

Sasa jiandae kama mtu mzima. Nenda kiangazi, kuanzia Juni, njia zikiwa kavu. Msiwe chini ya watatu. Bebeni maji ya kutosha, muhogo wa kuchemsha, maharage, na dagaa kama wapo. Mwambie mwenyekiti wa kijiji mnapopita na mnakotokea. Mpaka wa Burundi msiukaribie, na kwenye kambi za wakimbizi na mapori ya akiba msiingie bila kibali. Shambani mwa mtu piga hodi. Mkichoka mapema, fupisheni mzunguko, mlima hauhami.

Walimu, nanyi nawaomba. Mwanafunzi aliyeona kwa macho yake kijito kikitoka kwenye ubavu wa mlima hatahitaji kukaririshwa somo la vyanzo vya maji, na akiona miti imekatwa hadi kwenye kingo za kijito ataelewa kwa nini kisima cha kwao kinakauka mwezi wa Septemba. Watoeni darasani Jumamosi moja, muwarudishe jioni wakiwa na vumbi miguuni na maswali kibao.

Wa Kibondo, msisubiri wa Kasulu waanze. Muhambwe, nchi yenu, ilikuwa na wami wake, ina vilima vyake na wafuga nyuki wanaojua kila mti wa msitu ulio jirani nao. Mtafuteni mmoja awaongoze, na mumlipe siku yake.

Leo usiku mpigie mwenzako simu, mpange siku. Mkikutana, ondokeni kabla jua halijapanda.