Chemchemi za Juu na Chemchemi za Chini

Somo: Yoshua 15:16-19



Krismasi ikaribiapo, jamaa nyingi hushika njia kwenda Kilimanjaro kuwaamkia wazee. Siku hizi wako ambao, wakifika Boma Ng'ombe, huiacha barabara kuu na kushuka uwandani upande wa Rundugai, ili waoge katika chemchemi za Kikuletwa, ambazo wengi huziita Chemka. Njia ni ya vumbi, nchi ni kavu, miiba na mawe. Mgeni hudhani amepotezwa. Ndipo ghafula huona miti mikubwa, na chini yake maji ya samawati, maangavu hata mizizi huonekana ndani yake. Jina ni Chemka, lakini maji hayachemki. Ni ya uvuguvugu tu, nayo huuburudisha sana mwili uliochoka. Huenda wako wanung'unikao kwamba Mkristo kuogelea na watoto wake wakati wa sikukuu ni upuzi. Mimi sioni hivyo.

Basi mtazameni Aksa, binti Kalebu. Naye alikuwa safarini, ameolewa na Othnieli. Shamba alikuwa amekwisha kupewa, lakini lilikuwa katika nchi ya kusini, nchi ya ukame. Angaliweza kunyamaza kwa adabu mbele ya baba yake, kisha akalie nyumbani kwake. Hakufanya hivyo. Aliteremka katika punda, akasema wazi kwamba ardhi pasipo maji haimtoshi. Wala Kalebu hakumwita binti asiye na shukrani. Alimpa chemchemi za juu, na za chini pia.

Enyi wazazi, sisi nasi twawapa watoto shamba: ada ya shule, nguo, kiwanja, pengine na safari hizi za furaha. Ni mema yote. Lakini je! hatukuwapa nchi ya kusini? Yuko mtoto ajuaye vitabu vingi, ambaye hajamsikia baba yake akiomba kwa sauti hata siku moja. Mtoto huyo atakwenda mjini peke yake, nako atapatwa na msiba au kukosa kazi. Atachimba moyoni mwake, asikute hata unyevu.

Maana maji ya Chemka hayakuzaliwa pale uwandani. Ni mvua ya milimani, ambayo hunyesha kwa wingi katika msitu wa Kilimanjaro, ikapenya katika miamba iliyotapikwa na mlima zamani, ikasafiri gizani, hata ikatokea mahali ambapo mvua ni haba. Akataye miti kule juu hamwoni aogaye huku chini, walakini humnyima. Nayo maji hayaishii hapo: huingia mto Kikuletwa, hufika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha huenda kwa mto Pangani mpaka baharini, na njiani hunywesha mifugo na mashamba ya watu wengi. Bibi aliyeomba alfajiri miaka arobaini hakujua sala yake itatokea wapi.

Tena, walimu, jambo moja katika somo hili hupitwa upesi. Binti alipoteremka, alikuwa hajasema neno bado kwa baba yake. Kalebu ndiye aliyeuliza kwanza, unataka nini.