Kiti Kiko Wazi, Kikalie

Kuna mnana ambaye haishi popote duniani ila Kaunti ya Kilifi, katika msitu wa Arabuko-Sokoke na ule wa Dakatcha. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1913. Vita viwili vya dunia vikaja vikaisha, Kenya ikapata uhuru, na bado hakuna mtaalamu aliyejua anataga wapi. Viota vyake vilikuja kuonekana mwaka 2013, katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha. Walioviona ni wanachama wa kikundi cha uhifadhi cha palepale, watu wa kujitolea, pamoja na wenzao wa shirika la uhifadhi la Nature Kenya.

Miaka mia kwa swali moja! Hakuna mwenyekiti anayeweza kukaa kitini muda wote huo, hata tungempenda vipi.

Nawaambia haya ninyi ambao mkutano mkuu wa kikundi chenu cha kutazama ndege umekaribia, mwanzilishi ametangaza kwamba anapumzika, na kila mmoja wenu anatazama viatu vyake. Najua mnayonong'onezana. Mzee yuko hai, nani atathubutu? Yeye ndiye anayemjua chifu, ndiye anayejuana na mwenye shamba lenye bwawa, ndiye akisikia mlio mmoja kichakani anataja jina kabla hamjainua darubini. Mimi ni nani?

Wewe ndiwe uliyekuwa ukija. Sifa ya kwanza ni hiyo, na si ndogo. Kenya ina zaidi ya spishi 1,000 za ndege. Anayesubiri kuzijua zote ndipo aongoze atazikwa akiwa mwanachama wa kawaida. Kikundi hakihitaji mwenyekiti mwenye masikio kuliko wote. Kinahitaji mtu atakayehakikisha matembezi yanaanza saa iliyotajwa, fedha za wageni zinaandikwa siku ileile zilipopokelewa, na msichana aliyekuja mara ya kwanza anapewa darubini naye atazame. Milio utajifunza njiani, na mwenye masikio mtamweka mbele siku ya matembezi.

Tazameni Nairobi. Mwaka 1971 Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi, akayaongoza kwa miongo kadhaa. Mtu angeweza kuja mikono mitupu, akatembea na wanaojua, akarudi nyumbani na majina machache mapya. Huo ndio uongozi ninaousifu: kila Jumatano mtu mwingine anajua sehemu ndogo ya kile alichokuwa akikijua kiongozi peke yake.

Sasa niseme na wewe mwenyekiti unayeondoka, kwa heshima zote, shikamoo yako naitoa. Kuondoka si kutoa hotuba na kupokea kanga. Daftari la kumbukumbu za ndege liko nyumbani kwako, chini ya kitanda? Litoe, lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa. Nendeni benki pamoja mkabadilishe watia sahihi. Vikundi vingi hukwama hapo, hela zipo na hakuna wa kuzitoa. Mpeleke mrithi wako kwa chifu na kwa afisa wa msitu, umtambulishe kwa jina lake kamili, kisha unyamaze aongee yeye. Halafu kuna jambo gumu zaidi: usigeuke mlezi wa kikundi anayepiga simu kila jioni kuuliza kwa nini mmepita njia ile. Watakosea. Waache wakosee ukiwa ungali na nguvu za kutembea nao, maana wakingoja mpaka usiweze tena, hawatakuwa na wa kumuuliza.

Msidhani ndege watawasubiri mmalize kusitasita. Dakatcha miti inakatwa kwa makaa na kwa mashamba, na mwaka 2010 hivi ulikuwepo mpango wa kufyeka eneo kubwa ili kupanda mbono kaburi wa mafuta. Wenyeji na wahifadhi waliupinga, ukakwama. Mkisikia habari kama hiyo kwenu huku hamna mwenyekiti wala katibu, barua ya kupinga ataisaini nani?

Januari nayo inakuja na sensa ya ndege wa majini, kazi ambayo watu wa kujitolea nchini wameifanya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hapo ndipo pa kuanzia. Mwenyekiti mpya apange timu, agawe fomu, atafute gari, aamue nani ahesabu upande upi wa ziwa. Mzee apewe fomu kama wengine wote, na ahesabu flamingo wake.

Basi kwenye mkutano, katibu akiuliza nani anapendekezwa, usitazame chini. Na wewe mwanzilishi, katika matembezi yanayofuata tembea nyuma kabisa ya msafara. Ukiulizwa ni ndege gani yule, jibu: muulizeni mwenyekiti.