Ukiondoka, Zamu Yako Ataishika Nani?

Kutamani kuwakimbia watu si dhambi. Anayeishi Ukunda anajua: leo mchango wa harusi, kesho matanga, keshokutwa mtoto wa ndugu kafukuzwa shule kwa kukosa karo. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniambia atauza pikipiki, abebe begi, apotelee asikojulikana. Sikumcheka. Nilimuuliza tu mama yake atabaki na nani.

Pwani yetu ya kusini haijawahi kuukataa upweke. Kumi la mwisho la Ramadhani, wapo wanaojitenga misikitini kwa itikafu, kuanzia Diani hadi Msambweni. Upepo wa kaskazi ukivuma, wavuvi wa Pemba huja kupiga dago, yaani kambi ya uvuvi, fukweni kwetu, mbali na wake na watoto. Na Kaya Kinondo, msitu mtakatifu uliotengwa, ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, mgeni haingii mpaka ajifunge kaniki.

Lakini tazama vizuri. Itikafu ina mwisho: mwezi wa Idi ukiandama, mtu hurudi nyumbani. Mvuvi wa dago yuko mbali kwa sababu ya nyumba, si kwa kuichoka. Kaya nazo hazikuwa maficho ya mtu mmoja. Zilikuwa ngome za jamii nzima.

Wapenda safari humtaja Imamu Ghazali, aliyeacha ualimu wa heshima Baghdad mwaka 1095, akazunguka Damascus, Jerusalem na Makka. Husahau mawili aliyoyaeleza mwenyewe: kwamba alipogawa mali yake alibakisha ya kumtosha yeye na watoto, na kwamba wito wa watoto hao ndio uliomvuta kurudi kwao.

Upweke, basi, una gharama, na mara nyingi mlipaji si yule anayeufaidi. Mkaa itikafu hula futari iliyopikwa na mtu. Mwenye dago ameacha watoto mikononi mwa mtu. Mtu huyo aghalabu ni mwanamke, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama naye angependa kukaa peke yake, asiitwe na yeyote, walau tangu alfajiri hadi magharibi.

Simkatazi mtu kuondoka. Aage, aseme atarudi lini, apange nani atashika zamu yake. Na kabla hajafunga begi, aishike yeye zamu ya mama yake siku moja nzima: maji, jiko, watoto, wageni. Akishamaliza hapo, ataondoka akijua ni nani hasa aliyestahili kupumzika.