Aya ya rangi na ziwa tulilolitia tope

Sifa zote njema ni za Allah (SW), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wake hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, makala hii imetokana na swali la mwanafunzi. Nilikuwa nafundisha mlango wa twahara. Nilikuwa nimeandika ubaoni, kama nami nilivyoandikiwa na walimu wangu, kwamba maji mengi hayanajisiki ila pale najisi inapobadilisha moja ya sifa zake tatu: rangi, ladha au harufu. Kijana mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. "Ustaadhi, maji ya Mto Mirongo yanafaa kutawadhia?"

Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Kila anayeishi Mwanza anaujua Mirongo, mto unaopita katikati ya jiji ukipokea takataka na majitaka, kisha ukaingia Ziwa Victoria. Lakini kicheko kilipokwisha niliona kwamba kijana yule hakuwa anafanya mzaha. Kwa kipimo nilichokiandika mwenyewe ubaoni, mto ule una rangi na una harufu. Na ziwa ambamo mto huo unamwaga maji yake ndilo tunalotoa maji ya kunywa, ya kutawadhia na ya kuoshea maiti zetu. Nilimpa jibu la kifiqhi. Jibu kamili sikuwa nalo, na nimekuwa nikilitafuta tangu siku ile.

AYA TUNAYOISOMA NUSU

Katika Suratul Fatir, aya ya 27 na ya 28, yamo maneno ambayo Waislamu wengi tunayajua: kwamba wanaomcha Allah kikweli miongoni mwa waja wake ni wale wenye elimu. Maneno hayo tumeyaandika kwenye kuta za madrasa zetu na tunayatumia katika kila harambee ya kujenga shule. Lakini ni wangapi kati yetu tunaojua maneno yaliyotangulia?

Aya zinaanza kwa kututaka tuone jinsi Allah (SW) anavyoteremsha maji kutoka mawinguni, akatoa kwayo matunda yenye rangi mbalimbali. Kisha zinatupeleka milimani, kwenye mistari myeupe na myekundu yenye rangi tofauti na mingine myeusi sana. Kisha zinatutajia watu, wanyama wanaotembea na mifugo, navyo vikiwa na rangi mbalimbali. Baada ya hapo ndipo wanapotajwa wenye elimu.

Kwa lugha ya leo, aya hizi zimepita katika elimu ya maji, elimu ya miamba na elimu ya viumbe hai, ndipo zikafika kwa maulamaa. Sisemi kwamba Qur'an ni kitabu cha jiolojia, wala sisemi kwamba cheo cha masheikh wetu wapewe wataalamu wa samaki. Ninachosema ni kwamba mtiririko wa aya unatuonyesha njia moja ya kufikia kumcha Allah, nayo ni kuvitazama alivyoviumba kwa jicho la kutaka kujua. Sisi wakazi wa Mwanza tumezungukwa na vyote vitatu. Basi na tuvitazame.

MAWE

Mawe makubwa ya Mwanza, Jiwe la Bismarck likiwa ndilo mashuhuri zaidi, mengi ni ya graniti. Wanajiolojia wanaeleza kuwa miamba hii ni sehemu ya tabaka la kale ambalo juu yake imekaa sehemu kubwa ya katikati na kaskazini mwa Tanzania, na umri wake unazidi miaka bilioni mbili na nusu. Mtu akiyajua hayo kisha akapita chini ya jiwe lile, hana budi kusema Subhanallah.

Lakini elimu hiyo ina faida nyingine ya karibu zaidi. Graniti haichimbiki kwa jembe na sururu. Anayejenga mlimani, kule Mabatini, Igogo au Isamilo, akichimba shimo la choo hufika futi chache tu akakutana na mwamba. Choo kinakuwa kifupi. Mvua ikinyesha kinafurika, na kwa kuwa mwamba haunywi maji, vyote vinateremka hadi kwenye mfereji, na kutoka kwenye mfereji hadi mtoni na ziwani.

Mara nyingi nimesikia kwenye daladala watu wakisema kuwa wakazi wa milimani ni wachafu. Ndugu zangu, huko ni kuwadhulumu. Sehemu kubwa ya tatizo ni mwamba, na dawa iliyoonekana kufaa katika baadhi ya mitaa ile ni mabomba membamba ya majitaka yanayopitishwa kati ya nyumba na nyumba. Anayeujua mwamba anaacha kumtukana jirani, anauliza bomba litafika lini.

MAJI

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Pamoja na upana huo, kina chake hakizidi sana mita 80 pale palipo refu kabisa. Ni pana kama sinia. Maji yake mengi hayatoki mitoni kama wengi wanavyodhani, bali ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe, na mengi yanayopotea yanapotea kwa mvuke.

Mwaka 1996 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa tope walilolichimbua chini kabisa ya ziwa. Chini ya tope laini walikuta udongo mgumu wenye mabaki ya mizizi ya nyasi. Maana yake ni kwamba takriban miaka 15,000 iliyopita pale palikuwa nchi kavu. Ziwa hili lilikauka, kisha Allah (SW) akalijaza tena. Mwishoni mwa Suratul Mulk tunaulizwa: maji yetu yakididimia ardhini, ni nani atakayetuletea maji yanayotiririka? Wengi wetu tunaisoma sura hiyo kila usiku kabla ya kulala, na wala hatufikirii kwamba swali hilo liliwahi kutokea hapa hapa tulipo. Na wale waliodhani kwamba ziwa linapungua tu, mwaka 2020 waliliona likipanda hadi kuvuka rekodi ya mwaka 1964 na kuingia majumbani mwa watu. Kupanda na kushuka kwake hakumo mikononi mwetu.

Usafi wake ndio umo mikononi mwetu. Wataalamu hupima uangavu wa maji kwa kuteremsha sahani maalumu kwa kamba na kuangalia inapotelea kwenye kina gani. Katika miaka ya 1920 sahani hiyo ilionekana hadi mita tano na zaidi katika maji ya katikati ya ziwa. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa inapotea katika mita tatu au chini ya hapo. Sababu ni rutuba iliyozidi: mbolea, udongo na majitaka vinalisha mwani, nao unaenea na kuyafunga maji. Mtafiti wa Kitanzania, Rashid Tamatamah, pamoja na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia ziwani inaanguka kutoka hewani. Vumbi na moshi wa nyasi na misitu tunayoichoma vinapeperuka hadi majini. Kwa hiyo hata anayeishi mbali na ufuko, akitia moto shamba lake, anaweza kuwa na sehemu yake katika jambo hili.

VIUMBE

Sasa tuje kwa furu, samaki wadogo ambao wazee wetu waliwala na sisi leo tunawaona ni chambo tu. Kuanzia mwaka 1977 watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza wakiwachunguza. Inakadiriwa kwamba ziwa zima lilikuwa na aina 500 au zaidi za furu. Sangara, ambaye aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alipoongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980, aina zinazokadiriwa kufikia 200 zilitoweka.

Lakini sangara si mkosaji peke yake. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza jambo ambalo nilipolisoma niliikumbuka ile aya ya Suratul Fatir. Yapo mawe chini ya maji katika visiwa vya Mwanza ambako wanaishi furu wa aina mbili wanaokaribiana. Dume wa aina moja ana rangi ya bluu na kijivu. Dume wa aina ya pili ana mgongo mwekundu, na huyo alipewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Jike humjua dume wa aina yake kwa rangi. Katika Kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu, kila aina imebaki upande wake. Katika kisiwa cha Luanso, ndani ya ghuba ambako maji yana tope, jike haoni tofauti, na aina hizo mbili zimechanganyika hadi huwezi kuzitenganisha. Hata walipowekwa kwenye matangi chini ya taa zinazoficha rangi, majike waliacha kuchagua.

Ndugu msomaji, hebu tafakari. Allah (SW) anatutaka tuzitazame rangi alizoziweka katika viumbe wake, ziwe njia ya kumjua Yeye. Sisi tumeyatia maji tope kiasi kwamba hata samaki wenyewe hawaoni tena rangi za wenzao. Katika Suratul An'am, aya ya 38, tumeambiwa kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Umma ngapi zimeondoka ziwani humu katika uhai wa wazazi wetu, na ni khutba ngapi zimewataja?

ELIMU IPO, KIMEPUNGUA NINI?

Wapo watakaosema kuwa hiyo ni elimu ya Wazungu, na kwamba Waislamu tuna matatizo makubwa zaidi ya furu. Kwa hilo la kwanza, ukweli hauulizwi pasipoti. Waholanzi walikaa katika ghuba yetu miaka mingi wakihesabu samaki tuliokuwa tunawakaanga. Kama tunaona wivu, na tuwe na wivu wa kheri: watoto wetu waende wakasome uvuvi pale Nyegezi, wasome jiolojia na elimu ya maji vyuo vikuu, na wazazi tuache kudhani kuwa masomo hayo hayana thawabu.

Kwa hilo la pili, katika hadithi waliyoipokea Abu Dawud na Ibn Majah, Mtume (SAW) ametuonya na mambo matatu yanayoleta laana, la kwanza likiwa ni kujisaidia mahali watu wanapofuata maji. Bukhari na Muslim wamepokea katazo la kukojoa katika maji yaliyotulia. Kama mtu mmoja na haja yake moja ameonywa hivyo, itakuwaje kwa bomba linalotiririka mchana na usiku?

Hapa sina budi kujisema mwenyewe. Kwa muda mrefu nilisali katika msikiti mmoja, sitautaja, ambao bomba la vyoo vyake lilikuwa linaishia kwenye mfereji unaoelekea ziwani. Nililijua. Nilisimama pale mara kadhaa kutoa darsa, na mojawapo ilikuwa darsa ya twahara. Sikusema kitu, kwa kuwaogopa wazee wa kamati na kwa kuona kuwa karo ya kisasa ni gharama. Tulikuwa tunatawadha kwa maji ya ziwa ndani, tunalirudishia ziwa najisi nje, kisha tunapanga safu. Elimu nilikuwa nayo. Kumcha Allah ndiko kulikopungua. Namuomba Allah anisamehe.

Na hilo ndilo jibu nililokosa siku ile darasani. Aya imeifunga elimu pamoja na khofu ya Allah. Watafiti wamekwisha tupa elimu ya ziwa letu, kuanzia mwamba wake hadi samaki wake. Khofu hawawezi kutupa wao. Hiyo inatakiwa itoke misikitini na majumbani mwetu.

Basi Ijumaa ijayo, kabla hatujachangisha kapeti jipya, kila kamati ya msikiti ukanda huu wa ziwa izunguke nyuma ya vyoo iangalie bomba linaishia wapi. Kama linaishia mferejini, sadaka ya kwanza iende pale. Tumezoea kusimulia jinsi Mtume (SAW) alivyomwelekeza Saad bin Ubada kumtolea marehemu mama yake sadaka ya maji, na visima tunachimba, alhamdulillah. Kuyalinda maji yaliyopo nako ni katika kuwanywesha watu.

Yule kijana amekwisha maliza shule. Nikikutana naye nitamwambia: Mirongo utafaa kutawadhia siku sisi tutakapoacha kuuchafua, na kazi hiyo inaanzia msikitini.

Allah (SW) atujaalie elimu yenye manufaa na nyoyo zenye kumcha. Wabillahit tawfiq.